Mzazi Amekutwa na Uvimbe Kwenye Ubongo: Mambo ya Kufanya, na Yapi Yatangulie

Wazazi wetu wengi wana presha au kisukari, na familia za Dar es Salaam zimeshazoea kuishi na magonjwa hayo: kadi ya kliniki, dawa juu ya friji, chumvi kupunguzwa kwenye mboga. Uvimbe kwenye ubongo ni habari nyingine. Unaweza kuota palepale panapotoka maneno, kumbukumbu na uamuzi, kwa hiyo mzazi anaweza kupoteza kauli hali mwili bado una nguvu. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata jambo hilo moja. Yanayohitaji sauti ya mzazi mwenyewe yametangulia, na yale ambayo watoto wanaweza kuyafanya peke yao yamefuata. Nilimuuguza mama yangu hapa mjini, na ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia wanaonipigia simu wakiwa bado wamesimama kwenye korido ya hospitali na bahasha ya picha mkononi.

Kabla ya hatua yoyote

Zipo dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki: degedege inayopita dakika 5 au inayojirudia kabla mgonjwa hajazinduka, usingizi mzito asioamka vizuri ukimwita, kutapika mfululizo pamoja na maumivu makali ya kichwa, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, au macho kuacha kuona. Ukiona mojawapo, mpeleke mzazi idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, iwe usiku au mchana, ukiwa na picha zake zote. Fuvu halitanuki. Uvimbe ukiongezeka, au maji ya ubongo yakikosa njia, shinikizo la ndani linaweza kupanda haraka. Wakati mwingine madaktari hulazimika kuweka mpira mwembamba wa kupitisha maji hayo kwenda tumboni kabla hata ya kugusa uvimbe wenyewe.

Hatua ya 1. Jua hasa mmeambiwa nini

Picha ya CT huonyesha kwamba kuna kitu. Mara nyingi haisemi ni kitu gani. MRI huonyesha kwa undani zaidi, hasa ikipigwa kwa dawa ya rangi inayochomwa mshipani, lakini jibu la uhakika kwa kawaida hutoka maabara ya patholojia baada ya kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Hapa kwetu hilo lina uzito wa pekee. Kifua kikuu kinaweza kutengeneza donge ndani ya ubongo. Jipu nalo huweza kuonekana kama uvimbe. Viluwiluwi vya tegu wa nguruwe hujenga vifuko kwenye ubongo, na mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata toksoplasmosisi, maambukizi ya kimelea kwenye ubongo. Magonjwa hayo yana dawa zake na hayatibiwi kwa mionzi. Ndiyo maana daktari anaweza kuomba kipimo cha VVU na picha ya kifua. Msilichukulie kama tusi kwa mzee; anatafuta jambo ambalo huenda likatibika kwa vidonge.

Kama ni uvimbe kweli, aina yake ndiyo inayoamua mengi. Meningioma huota kwenye utando unaofunika ubongo. Nyingi si saratani, hukua polepole, na nyingine huangaliwa tu kwa picha za mara kwa mara. Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huweza kukandamiza mishipa ya macho na kuvuruga homoni, na mara nyingi hutolewa kwa kupitia puani bila kufungua fuvu. Glioma hutokana na seli za ubongo wenyewe, kuanzia zile zinazokwenda taratibu hadi glioblastoma, ambayo ni kali na kwa kawaida hurudi hata baada ya upasuaji mzuri. Halafu kuna uvimbe uliosafiri kutoka kwenye titi, pafu, figo au kwingineko. Huo hutibiwa pamoja na chanzo chake.

Shirika la Afya Duniani hupanga uvimbe unaoanzia kwenye ubongo kwa madaraja 1 hadi 4, kwa kufuata ukali wake. Mkiambiwa daraja la 2, msidhani ugonjwa umesambaa mwilini kama zinavyohesabiwa hatua za saratani ya titi. Nimeona familia nzima ikilia kwa sababu ya kuchanganya mambo hayo mawili.

Andika maswali kabla ya kuingia kwa daktari, maana ukishawekewa ile picha kwenye taa akili huhama. Uvimbe uko sehemu gani, na sehemu hiyo inafanya kazi gani? Mnadhani ni aina gani, na kuna uwezekano gani mwingine? Unatakiwa kutolewa, kuchukuliwa kinyama, au kuangaliwa tu? Haraka yake ni ya siku, wiki au miezi? Hilo la mwisho usiondoke bila kulipatia jibu, kwa kuwa ndilo litakalowaambia kama mna muda wa kusafirisha ndugu kutoka mkoani au la. Omba nakala ya ripoti na CD ya picha, na weka kila kitu kwenye faili moja la plastiki lisilopenya mvua.

Hatua ya 2. Mzazi mwenyewe aambiwe

Mazoea yetu ni watoto kuitwa pembeni, kisha mkubwa anaamua: "Mzee asiambiwe, presha itampanda." Wanaosema hivyo wanampenda mzazi wao, sina shaka. Ila kwa ugonjwa huu siri ina gharama kubwa. Mzee anaona kwamba mkono wake unaangusha kikombe. Anaona simu zinapokelewa uani na watu wanarudi ndani wamenyamaza. Anajua kuna jambo, na sasa analibeba peke yake. Zaidi ya hapo, wiki ambazo mngezitumia kusikia matakwa yake zinapotea kwenye kuigiza, na siku mtakapokuwa tayari kumuuliza huenda hana tena maneno ya kuwajibu.

Chagueni wakati ambao kichwa hakimuumi. Kwa wengi maumivu huwa makali alfajiri na hupungua mchana, kwa hiyo baada ya chai na dawa ni wakati mzuri kuliko usiku. Wawe watu wawili tu, televisheni izimwe, na mmoja wao awe mtu ambaye mzazi humsikiliza, hata kama ni baba mdogo au shangazi na si mtoto. Msianze na jina la ugonjwa. Anzeni na swali.

"Mama, shikamoo. Umeamkaje na kichwa?"

"Marahaba. Leo afadhali."

"Mama, daktari ametuonyesha picha ya kichwa chako. Unataka tukueleze yote leo, au kidogo kidogo?"

"Nielezeni. Kichwa ni changu."

Mama yangu alijibu hivyo, na tangu hapo mazungumzo ndani ya nyumba yakawa mepesi, hata pale habari zilipokuwa nzito. Mnaweza kumwambia: "Kuna uvimbe upande wa kushoto. Bado hawajajua ni wa aina gani, wanataka kuchukua kinyama wapime." Msitaje saratani kama haijathibitishwa, na msiikane kama imethibitishwa. Msimwahidi kupona. Mwahidini mnachoweza kukitimiza: kwamba hatakwenda kliniki peke yake, na kwamba hakuna jambo litakaloamuliwa nyuma yake.

Wapo wazazi watakaosema, "Mimi sitaki kujua, malizaneni na kaka yako." Hilo ni jibu kamili na liheshimiwe. Mwulizeni tena baada ya muda, kwa upole, kwani watu hubadilisha mawazo.

Akiwa na nguvu ya kuongea, mwulizeni pia mambo haya, na mwandike majibu kwa maneno yake mwenyewe pamoja na tarehe: Ukizidiwa na usiweze kuongea, nani atuamulie? Kitu gani hutaki kukipoteza hata kwa ajili ya kuishi zaidi? Ungependa kuuguziwa wapi? Mzee mmoja jirani yetu alijibu swali la pili kwa kusema anataka kuendelea kwenda kuswali kwa miguu yake. Jibu la namna hiyo humsaidia daktari wa upasuaji kuliko unavyodhani, maana kuna uvimbe ambao ukitolewa wote mguu hulegea, na ukiachwa kipande mguu hubaki.

Hatua ya 3. Kikao cha familia, kifupi

Gawaneni kazi siku ileile. Mmoja awe msemaji kwa madaktari, ili wauguzi wasijibu maswali yaleyale kutoka kwa watoto watano. Mwingine ashike pesa, na asiwe huyohuyo msemaji. Wa tatu apange zamu za kulala na mgonjwa. Aliye ughaibuni au mkoani ambaye hawezi kuja apewe kazi ya kweli, kama vile kufuatilia bima kwa simu au kumlipa dada wa kazi kila mwezi. Ndugu wa mbali asiye na jukumu ndiye hupiga simu usiku kuuliza kwa nini mzee hajapelekwa India.

Michango ikianza, mweka hazina atume hesabu kwenye kundi la WhatsApp kila wiki, pamoja na risiti. Michango ya matibabu huvunja undugu pale hesabu inapofichwa, hata kama hakuna aliyeiba. Na picha za mzazi akiwa wodini na bandeji kichwani zisirushwe humo. Angekuwa mzima asingekubali.

Hatua ya 4. Karatasi, wakati bado anaweza kusaini

Hatua hii watu huikwepa kwa kuona kama wanamzika mzazi akiwa hai. Naielewa aibu hiyo. Lakini hati iliyosainiwa na mtu ambaye uvimbe umeshagusa akili yake inaweza kupingwa, na atakayeumia ni mama mjane au mdogo wenu aliyebaki nyumbani.

Mwombeni mzazi awaeleze, kwa utashi wake, ana akaunti benki zipi, hati ya nyumba au kiwanja iko wapi, anamdai nani na nani anamdai, yumo kwenye vikoba gani, na pensheni yake inapitia PSSSF au NSSF. Pesa iliyo kwenye simu ni bora aihamishe mwenyewe kwenda akaunti ya matibabu kuliko kugawa namba ya siri kwa wajukuu. Kama anataka mtoto asimamie mambo yake, nendeni kwa wakili mwandike hati ya uwakilishi, na mwulizeni waziwazi: hati hii itakuwa na nguvu hadi lini iwapo mzazi atapoteza uwezo wa kuamua? Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, au kwa wakili. Mwombeni pia daktari anayemtibu aandike barua yenye tarehe, akieleza kwamba siku hiyo mgonjwa alikuwa na akili timamu. Karatasi hiyo moja inaweza kuwaepusha na kesi ndefu.

Kama mzazi ni Mwislamu, shehe anayemwamini aitwe mapema katika mambo ya wasia na madeni. Kwa Mkristo, mchungaji au padri. Mara nyingi wazee humwambia kiongozi wa dini jambo ambalo hawawezi kumwambia mtoto wao.

Hatua ya 5. Njia ya hospitali

Kwa wengi safari huanza Temeke, Amana au Mwananyamala, au hospitali binafsi yenye CT, na huishia MOI, taasisi ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. MOI ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996 na ni taasisi inayojitegemea, ingawa iko uwanja mmoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Hivyo mzazi anaweza kuwa na faili MOI kwa ajili ya upasuaji na faili lingine Muhimbili kwa ajili ya macho au kisukari. Andika namba zote mbili kwenye jalada la daftari lako. Mkitumia bima, chukueni rufaa ya maandishi, na mwulize kwenye dirisha la bima kabla ya tarehe ya kipimo kama MRI inahitaji kibali. Kibali kikikosekana asubuhi ile, mgonjwa aliyekaa na njaa hurudishwa nyumbani.

Msio na bima wala uwezo, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mwanzoni, mgonjwa anapopokelewa, na si siku ya kuruhusiwa wakati bili imeshakaa mezani. Sera ya nchi inatambua msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Beba kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Malipo yote yapitie namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Anayekuomba pesa mkononi ili "akusogeze kwenye foleni" mkatalie.

Ndugu wenye afya wachangie damu mapema, kabla ya tarehe ya upasuaji kutangazwa.

Kuhusu India: wapo wanaohitaji kwenda, na daktari wenu atawaambia. Lakini msiuze kiwanja kabla ya majibu ya kinyama kutoka, kwa sababu upasuaji wa ubongo unafanyika hapahapa na mionzi inatolewa hapahapa. Kama mnataka maoni ya daktari wa pili, CD ya picha na ripoti ya patholojia vinatosha kuanzia, na vinasafiri bila mgonjwa.

Hatua ya 6. Dawa nyumbani

Wengi hurudi nyumbani na dawa za aina mbili, nazo zinahitaji nidhamu.

Ya kwanza ni deksamethasoni, steroidi inayopunguza uvimbe wa maji kuzunguka ule uvimbe wenyewe. Ndani ya siku chache mzazi anaweza kuamka, akaongea, akadai ugali. Ndugu hushangilia wakidhani amepona, na hapo ndipo wengine huacha kurudi kliniki. Uvimbe bado upo. Dawa hii hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apimwe mara kwa mara, na hata asiye nacho apimwe akianza kunywa maji mengi na kukojoa sana. Huongeza njaa, huvimbisha uso, hudhoofisha misuli ya mapaja, na ikinywewa jioni hufukuza usingizi. Mwulizeni daktari kama dozi ya mwisho inaweza kunywewa mchana. Inywewe baada ya chakula. Isikatishwe ghafla hata kidogo, kwani mwili uliozoea steroidi hushindwa kutengeneza yake kwa wakati, na mgonjwa anaweza kuzimia. Hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari.

Ya pili ni dawa ya kuzuia degedege. Saa zake zifuatwe. Ramadhani ikiingia msiache dozi zirukwe kimyakimya. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kama moyo wake unasita, shehe amsemeshe. Mitishamba nayo ipelekwe kliniki ikaonyeshwe. Dawa kadhaa za kifafa hupita kwenye ini na hugombana na vitu vingine, na daktari asipojua mnachompa mzee usiku hawezi kuelewa kwa nini anayumba.

Degedege ikitokea, mlaze ubavu, ondoa meza na viti karibu naye, legeza nguo shingoni, na tazama saa. Usimwekee kijiko mdomoni, usimnyweshe maji, usimshike kwa nguvu, na asiletwe mtu na kitunguu wala kiatu cha kunusisha. Ikipita dakika 5, hospitali. Ikiisha kabla ya hapo, kaa naye hadi azinduke, kisha uandike. Mlango wa bafu usifungwe kwa komeo, na gari au pikipiki asiendeshe mpaka daktari aruhusu. Akina baba huliona hilo kama kunyang'anywa utu wao. Asemeshwe na daktari, si na mtoto.

Daftari letu lilikuwa na kurasa za namna hii: "Saa 1 asubuhi, dawa zote, chai na chapati nusu. Saa 4, kichwa, kisogoni. Saa 9 alasiri, mkono wa kulia umetetemeka kama dakika 2, alikuwa macho, hakuanguka. Usiku amelala vibaya." Daktari alisoma ukurasa mmoja akabadilisha dozi. Tungekaa tunasimulia kwa kumbukumbu, tungesema tu kwamba "anaendelea vizuri."

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, msisubiri. Wagonjwa wa uvimbe wa ubongo hupata damu kuganda mishipani kwa urahisi kuliko watu wengine.

Hatua ya 7. Upasuaji na mionzi

Kabla ya upasuaji, mwulize daktari anatarajia kuondoa kiasi gani na kipi kinaweza kupotea. Baada yake, jiandaeni kumkuta chumba cha uangalizi maalumu, uso umevimba, pengine haongei vizuri. Mengi hurudi kwa siku na wiki, mengine hayarudi. Mazoezi ya viungo yaanze mapema. Fuatilieni majibu ya patholojia wenyewe hadi myapate mkononi, kwa sababu hakuna tiba inayofuata itakayopangwa bila karatasi hiyo.

Mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, jengo la enzi za Wajerumani kando ya bahari, Barabara ya Barack Obama. Kwa glioblastoma utaratibu wa kawaida ni wiki 6, Jumatatu hadi Ijumaa, kila kikao kikiwa cha dakika chache. Mgonjwa hutengenezewa barakoa ngumu inayobana uso na kufungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee. Mwelezeni kabla, hasa mwenye hofu ya kufungiwa. Mionzi yenyewe haiumi inapotolewa, ila nywele za sehemu ile hutoka na uchovu huja, mara nyingi ukizidi wiki za mwisho.

Kinachoshinda familia nyingi ni safari. Kutoka Chanika, Mbagala au Bunju kila siku kwa wiki 6, na foleni zetu hizi, ni tiba nyingine juu ya tiba. Kama kuna ndugu Upanga, Kariakoo au Ilala, mwombeni chumba kwa kipindi hicho. Wa Kigamboni wana nafuu ya pantoni, kisha bajaji kutoka Feri. Wanaotumia mwendokasi washuke Kivukoni kwa Ocean Road. Kwa Muhimbili kituo cha Fire kiko karibu, na bajaji hufuata Barabara ya Umoja wa Mataifa. Asubuhi basi limejaa na mgonjwa hawezi kusimama, kwa hiyo ombeni wahudumu wawapangie saa ya mchana.

Hatua ya 8. Tabia ikibadilika

Hili ndilo lililotuumiza kuliko sindano zote, na ndilo watu wasiloambiwa. Uvimbe ulio sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumfanya mama mpole atukane, baba mwenye haya avue nguo mbele ya wageni, au mchapakazi akae kitini siku nzima asijali lolote. Steroidi nazo huweza kuleta hasira na kukosa usingizi. Majirani watasema amerogwa au amepandwa na majini. Wajibuni kwa kifupi: "Ni ugonjwa wa ubongo, anatibiwa Muhimbili," na msiingie kwenye mjadala. Familia ikitaka dua au maombi, yafanyike. Dawa ziendelee kunywewa.

Usibishane naye. Akisema mumewe aliyefariki amepita asubuhi, mwulize walizungumza nini. Akikosa neno, mpe muda kabla ya kummalizia. Mama alikuwa akitaka sukari anasema "yule mweupe wa chai", na tukazoea kumletea kopo bila kumsahihisha mbele ya watu. Uliza maswali ya ndiyo na hapana: "Unasikia baridi?" badala ya "Unajisikiaje?" Akishindwa kuongea kabisa, picha za vitu kwenye simu, kama choo, maji, kitanda na dawa, humpa namna ya kuonyesha kwa kidole.

Watoto wadogo waambieni ukweli kwa kipimo chao: bibi ana kidonda ndani ya kichwa, ndiyo maana anakasirika, wala wao hawajamkosea. Mabadiliko ya ghafla ya tabia yaandikwe na yapelekwe kwa daktari, kwa sababu wakati mwingine ni dozi, sukari au maambukizi, na yanarekebishika.

Hatua ya 9. Anayeuguza

Mara nyingi ni binti mmoja, asiyeolewa au aliyerudi nyumbani, na kila mtu anadhani hana kazi nyingine. Apewe usiku wa kulala nje ya chumba cha mgonjwa kila wiki, na apewe pesa yake mwenyewe mkononi. Aliyeajiriwa aombe likizo yake ya mwaka, siku 28 kisheria, igawanywe kufuata tarehe za upasuaji na mionzi. Ukijikuta unamfokea mzazi na kisha unalia jikoni, mwambie mtu siku hiyohiyo.

Hatua ya 10. Kama uvimbe hautaponyeka

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu, kutapika, degedege na hofu, na mgonjwa anaweza kuipata huku akiendelea na mionzi. Ocean Road wanayo. Ombeni kuunganishwa nayo mara tu mkisikia kwamba uvimbe ni mkali, bila kungoja siku za mwisho. Mofini ya kunywa ikitolewa na wataalamu kwa kipimo chake huondoa maumivu. Hofu kwamba ni dawa ya kumaliza mgonjwa imewaacha wazee wengi wakiteseka bure. Huleta kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha iandikwe pamoja nayo.

Mzazi akianza kulala muda mwingi na kukataa chakula, msimlazimishe uji. Anaweza kupaliwa. Mlowanisheni midomo, mgeuzeni kila baada ya saa 2 asipate vidonda, na endeleeni kumsemesha.

Wengi watasema, "Nirudisheni nyumbani," wakimaanisha Moshi, Songea, Lushoto au Mtwara. Amueni mapema, maana basi la saa nyingi halimfai mtu asiyeweza kukaa. Mkikubali, ombeni kliniki muhtasari wa matibabu kwa hospitali ya wilaya ya huko, dawa za kutosha mwezi mzima, na maelezo ya maandishi ya kufanya degedege ikitokea njiani. Dawa zikae kwenye mkoba wa anayekaa kiti cha pembeni yake, zisiwekwe kwenye buti la basi, na namba ya daktari wa huko ipigwe kabla hamjatoka stendi ya Magufuli.